Mstaafu Aliyewafundisha Mbuzi Kukimbia Mafuriko

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, ofisa wetu wa maafa atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Wilaya nzima inamwita Mzee Firimbi, na wapo wajukuu zake wanaoamini kwamba hilo ndilo jina alilopewa siku aliyozaliwa. Droo yenyewe haifungiki vizuri, kwa hiyo tuvumiliane ikiwa sherehe itachelewa kidogo.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na saba, kijana mwembamba mwenye baiskeli ya ofisi isiyo na breki. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba katika vitongoji vya bondeni, akiwaambia watu kwamba mto utafurika na kwamba wajiandae. Ni kazi isiyo na shukrani. Mafuriko yasipokuja wewe ni mwongo, yakija wewe ndiye uliyeyaita. Alibandika mabango yaliyoandikwa “Usipoziba ufa utajenga ukuta,” nayo yalipendwa mno, maana yalikuwa ya karatasi ngumu na yaliziba nyufa za kuta nyingi.

Mafuriko ya kwanza ya utumishi wake yaliwakuta watu wamekaa majumbani, maonyo wameyasikia na mizigo hawajaifunga. Hakufa mtu, ila watu walikesha juu ya mabati. Maji yalipopungua, Mzee Firimbi hakumlaumu mtu. Alichukua daftari akapita tena nyumba zote themanini na saba akiuliza swali moja tu: kwa nini hamkuondoka? Jibu lilikuwa moja kila mlango, kwa lugha tofauti tofauti za hasira: “Na mbuzi nimwachie nani?”

Ofisa mwingine angeandika ripoti kwamba wananchi hawana mwamko. Yeye alikwenda dukani akanunua firimbi na mfuko wa chumvi.

Kwa miezi saba, kila Jumanne na Alhamisi, alisimama kwenye uwanja wa shule iliyo kilimani akapuliza firimbi mara tatu. Mbuzi aliyefika alipata chumvi. Wiki ya kwanza walifika wawili, na mmoja alikuwa amepotea njia. Mwezi wa tatu walikuwa sitini. Mwezi wa sita ukimwona mwanamke anakimbia kilimani na kamba mkononi, ujue ni Jumanne. Watu walimcheka hadi wakavunjika mbavu. Walisema mtu wa serikali amehamia kwa mbuzi kwa kuwa binadamu wamemshinda. Yeye akajibu kwamba ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na mbuzi wako chini kidogo kuliko binadamu.

Lakini mbuzi walikuwa nusu ya mpango. Kila nyumba aliipigia msumari mmoja kwenye mlango wa banda, na juu ya msumari huo aliagiza vitundikwe vitu viwili: kamba ya mbuzi, na mfuko wa plastiki wenye vyeti, dawa, tochi, kiberiti na nguo kavu za watoto. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mtu anaweza kusahau cheti cha kuzaliwa, lakini kamba ya mbuzi hatasahau, na akiivuta kamba mfuko unamwangukia kichwani.

Sasa tunafika mahali ambapo mwandishi wa wasifu huu anatakiwa kuketi vizuri. Mimi ndiye karani wa masjala. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa na wiki tatu kazini, bado niko kwenye majaribio.

Makao makuu yalidai orodha ya washiriki wa mazoezi ya kujiokoa. Fomu ilitaka jina, jinsia, umri na sahihi. Mzee Firimbi hajawahi kuacha kisanduku kitupu tangu azaliwe. Aliandika majina ya mbuzi wote mia mbili na kumi na wanne: Kidevu, Shemeji, Bibi Harusi, Mtoro, Pembe Moja. Akaweka jinsia. Akaweka umri: miaka miwili, mitatu, minne. Kwenye sahihi akawakanyagisha kwato kwenye wino wa mhuri. Juu ya yote akaweka karatasi yenye maneno makubwa: ORODHA YA MBUZI.

Karatasi hiyo ya juu mimi niliiona tupu kwa nyuma, nikaikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza yangu uliokuwa ukiyumba. Kisha nikaanza kupiga chapa. Nilipoona mshiriki wa miaka mitatu nikamhurumia ofisa wetu, nikasema maskini, uchovu umemfanya asahau sifuri. Nikaongeza sifuri. Nikaziongeza zote, mia mbili na kumi na nne, kwa bidii, na nikajisifu moyoni. Safu ya sahihi, niliyoidhani ni ya madole gumba, nikaikata nikaibandika pembeni. Kidevu akawa mwanamke wa miaka thelathini.

Makao makuu yakafurahi sana. Mwezi haukuisha, akafika mkaguzi mwenye viatu vinavyong'aa na katoni ya vyeti mia mbili na kumi na vinne vya kuhitimu, kila kimoja kina jina. Alisifu hata alama za dole gumba, akasema hajapata kuona wananchi wenye vidole imara namna ile. Akashuka bondeni kuwakabidhi wahitimu mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Kwenye nyumba ya kwanza aliomba kuonana na Kidevu. Alikuwa mbuzi wa mama yangu mzazi, aliyenunuliwa mimi nikiwa masomoni mjini, na mama akamletea.

Kufikia saa nne asubuhi mkaguzi alikuwa ameshaonana na Shemeji na Bibi Harusi, uso umemwiva, anaandika kwa kalamu nyekundu. Saa nne na robo mto ulipanda. Mvua ilikuwa imenyesha mbali huko milimani, kwetu jua linawaka. Mzee Firimbi alitazama nguzo ya kupimia maji, akakimbia kilimani, akapuliza mara tatu.

Mbuzi hawakungoja kuelezwa. Walitoka mabandani wakashika njia ya shule, na binadamu nyuma yao na kamba na mifuko, wakipiga kelele. Mama yangu alikuwa mtu aliyekwisha kukataa maonyo manne ya serikali kwa kusema mto huo umemkuta pale. Siku hiyo alipanda kilima chote akimfuata Kidevu na kumtukana ukoo mzima. Mkaguzi alifika wa mwisho, kiatu kimoja, katoni kichwani. Walipogeuka kutazama, maji yalikuwa yamefika madirishani. Uwanjani walihesabiwa watu wote wa nyumba themanini na saba, hakukosekana hata mmoja. Mama aliishi miaka kumi na mitano zaidi baada ya siku ile. Nataka hilo lisomwe taratibu.

Karatasi, hata hivyo, ni karatasi. Wiki mbili baadaye Mzee Firimbi aliitwa mbele ya kamati kujibu kosa la kughushi umri wa washiriki. Mbuzi wangesameheka, sifuri hazikusameheka. Nilikuwapo chumbani nikiandika kumbukumbu, na mimi na yeye tulijua sifuri zile ni za nani. Hakunitazama. Alisema, “Orodha ilitoka mezani kwangu, jibu ni langu.” Akapewa barua ya onyo kali, ikaingia kwenye faili lake. Kila nafasi ya ukuu wa idara ilipotangazwa, faili lilifunguliwa, barua ikaonekana, faili likafungwa.

Nilimfuata mlangoni nikamwambia kesho nitasema ukweli. Akanikatalia, akasema uko kwenye majaribio, mwanangu, watakufukuza kabla ya chai, na mimi barua hii hainiumi mahali. Mwaka wa kwanza nilinyamaza kwa amri yake. Miaka kumi na minane iliyofuata nilinyamaza kwa woga wangu mwenyewe, na hilo halina utani.

Jumatatu iliyopita niliingia kwa mkuu wa ofisi na ile karatasi ya ORODHA YA MBUZI, ambayo hadi leo ina mikunjo minne na alama ya mguu wa meza. Nilieleza yote, sifuri kwa sifuri. Mkuu alinisikiliza kwa ukali mpaka kwenye kwato, hapo akavua miwani akafuta macho, na watu wa chumba cha pili wakaja kuuliza kuna msiba gani. Mimi nimepewa barua yangu ya onyo, na sijapata kupokea barua kwa furaha kama ile. Ya Mzee Firimbi imefutwa rasmi. Ataondoka Ijumaa na faili jeupe kama sahani.

Firimbi anamwachia binti wa duka la dawa, ambaye amekuwa akijifunza kwa mwaka mzima na mbuzi wameshamkubali. Waalikwa wanaombwa sana wasiijaribu ukumbini. Madirisha yatakuwa wazi.

Mzee wetu, jambo moja lilibaki. Mbuzi mia mbili na kumi na wanne walihitimu, na wewe uliyewafundisha hukupata cheti. Ijumaa utakabidhiwa. Kimetiwa sahihi na mkuu wa ofisi, na pembeni yake kwato ya kitukuu cha Kidevu. Nimekipiga chapa mwenyewe: jina lako kamili, jinsia, na umri, sita. Safari hii sifuri nimeiondoa, na kwa hesabu ya ofisi hii bado una miaka hamsini na minne kabla ya kustaafu. Asante, baba. Nenda ukapumzike, uishi miaka yote hiyo kwa afya na amani, na sisi mifuko yetu iko msumarini.