Kibamba Kilicho Kwenye Msalaba wa Mama

Baba Paroko, ndugu wafiwa, majirani, na wewe Mkurugenzi uliyejichagulia kiti cha mbele, mimi ni Bertila, dada mkubwa wa marehemu, familia imenituma nisome, na nitasoma yote.

Dakta Ignasi Corera alizaliwa tarehe 12 Septemba 1966 hapa Thoothukudi, baba yetu akifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, akasoma shule ya parokia, kisha Madurai, kisha Chennai alikopata udaktari wa metali mwaka 1994, maana tangu utotoni alikuwa akiitazama baiskeli ya baba inavyoliwa na chumvi, akiuliza kwa nini. Mwaka huohuo aliajiriwa na taasisi ya utafiti, na tarehe 8 Januari 1996 alifunga ndoa na Jasinta Motha, wakajaliwa binti mmoja, Reshel.

Mwaka 2008 alivivisha vibamba vya magnesiamu, metali nyepesi kuliko alumini lakini inayoliwa upesi na chumvi, utando wa kinga aliouvumbua mwenyewe, akavitundika ufukweni vipigwe na hewa ya chumvi kwa miaka kumi na tano, bila kuguswa na mtu, kwa kuwa kibamba kikiguswa tu, jaribio limekufa. Mama alipofariki mwaka huo, Ignasi alifunga kibamba cha aina hiyohiyo kwenye msalaba wake, na kila Siku ya Marehemu Wote tukienda kupaka makaburi chokaa, alisimama pale na kutufukuza kama kuku.

Februari 2022 tukasikia mgeni mkubwa anakuja kutoka Delhi, Mkurugenzi wa taasisi akaamuru ufuko wote upakwe rangi ya buluu, uzio, mapipa, na vibamba pia, Ignasi akipiga kelele hadi sauti ikamkauka, naye akajibiwa, "Si unazuia kutu, Dakta? Basi tumekusaidia!" Watu wakacheka. Mgeni hakuja. Kisha, bila haya, ikaandikwa kwamba utando wa Dakta Corera haukuthibitika, na alipowasihi wakakague kibamba cha kwa mama, wakamwambia, "Kaburi si maabara."

Hapo ndipo moyo ulipoanza kumsumbua, akalazwa mara tatu, akafariki alfajiri ya tarehe 19 Juni 2024, Jasinta amemshika mkono, na neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama kuna yeyote kutoka ofisini aliyekwenda kukiangalia kibamba cha kwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, na wenzake wa kazini mliolia kwa dhati. Mkurugenzi, wewe sikushukuru. Shada lako rudi nalo. Ila kaburi lake limechimbwa kando ya mama, kwa hiyo leo utafika, utake usitake, na kile kibamba, baada ya miaka kumi na sita ya upepo wa bahari, bado kinang'aa, inama ujitazame uso.

Lala salama, mdogo wangu, brashi yao haitakufikia tena.