Mizabibu ya Azéma

Sikilizeni, wanangu, na wewe Gervais ondoka hapo mlangoni ukae karibu na dada yako, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kukufuata. Mimi Fulcran Azéma, mkulima wa Pinet, ninakufa nikiwa na akili timamu, na nitakayosema leo msije mkadai yalikuwa maneno ya dawa.

Shamba hili la mizabibu nililipanda na marehemu mama yenu Léontine, mche kwa mche, tukiwa tumeupa mgongo upepo wa kaskazini. Divai yake nyeupe ni kali, inauma midomo, ndiyo maana wazee wakaiita Picpoul, na haikutengenezwa kwa ajili ya kujionyesha. Ni ya kushushia chaza wanaotolewa ziwa la Thau pale chini, na kome waliochomwa kwa moto wa matawi ya mizabibu, na mkate wa Sète uliojazwa pweza na pilipili. Hayo niliwafundisha mkiwa bado mnakalishwa juu ya magunia ili mfikie meza.

Kisha nikaugua koo, na miale ya hospitali iliyoniponya koo ikaniua ulimi. Wewe Gervais ndiye uliyegundua kwanza. Ukawaalika wenye hoteli wa Montpellier, ukawapikia mwanakondoo kwa mchuzi wa asali, ukawamiminia divai yetu, na nilipokwambia, "Mwanangu, nyama hiyo itaiua divai," ulicheka ukaniletea glasi.

"Haya, fundi, onja basi. Hii ya wapi?"

Nikaonja. Sikusikia ladha yoyote, lakini niliona haya kusema mbele za watu, nikakuamini kwa kuwa u mwanangu. "Ya kwetu," nikasema. "Na mwaka huu imekuja vizuri."

"Siki hiyo, mzee! Siki na maji ya bomba!"

Wageni wakapiga meza kwa kucheka. Na wewe Odile, usilie sasa, ulisema, "Basi Gervais, utamuua baba," huku umefunika mdomo kwa kitambaa na mabega yanatikisika. Niliinywa ile glasi yote mbele yenu, mkadhani nimesamehe.

Sheria ya nchi hii hainiruhusu kuwanyima watoto wangu urithi, nami sivunji sheria. Kila kitu ni chenu, nusu kwa nusu: nyumba, mapipa, ardhi yote mpaka barabarani. Kaeni humu pamoja, mtazamane. Ila sheria haisemi ardhi iachwe na nini juu yake. Hiyo mashine mnayoisikia ni tingatinga la jirani yetu Roumégas. Alianza mlipoingia chumbani humu, na nimewaita ili msimsumbue. Anaing'oa mizabibu yote, na mizizi yake.

Kimbia, Gervais, kimbia! Hatasimama kwa ajili yako. Ameniapia mimi.

Odile, wewe baki. Siku ya mazishi wape watu chaza wa Bouzigues, wa ziwa letu, na chupa zilizobaki ghalani, wala limau msiweke mezani, kwa sababu divai hii ndiyo limau lao. Kaka yako asimimine. Mimina wewe, mpaka chupa ya mwisho, huku ukijua kuwa ni ya mwisho.

Na baraka yangu ni hii. Mungu awape maisha marefu. Awaachie na ulimi mzima, ili kila mkila kitu cha baharini muikumbuke ladha ya divai hii... na msiipate popote.

Nipe maji. Baridi yake tu ndiyo ninayoisikia... Roumégas ameshafika juu shambani? Chungulia dirishani. Ule mstari wa mwisho, mama yako aliupanda akiwa na mimba yako, akawa anakaa chini kila baada ya miche michache, anacheka... Odile, shuka. Mwambie Roumégas auache ule mmoja.

La. Rudi... Rudi, mwanangu. Usimwambie.