Wimbo Chini ya Ukuta wa Gereza

Foleni ililikwamisha basi chini ya ukuta wa gereza, pale Napoli. Kando yake gari jeupe, vioo vyote vimeshushwa, lilikuwa limefungulia muziki mpaka viti vya basi vikatetemeka.

Ndani ya basi, bwana mmoja aliyeketi kando ya Bi Nunziata, wasiojuana, akasonya. "Wimbo wa harusi tena! Hizo ni salamu za wahuni kwa wenzao walio ndani, mama. Maana yake mzigo wa unga umefika."

"Mzigo gani, baba? Mke anampigia wimbo mumewe aliye ndani. Kwani wewe hujaoa?"

"Nimeoa, na masikio ninayo bado. Ona kule juu dirishani! Wanamjibu kwa taulo la kijani!"

Taulo lilikuwa la bluu. Nunziata alilijua vizuri, maana alilinunua mwenyewe. "Labda analikausha," akasema.

"Kwa kulizungusha nje ya nondo?"

"Mbona unazijua sana nyimbo na mataulo ya watu? Au wewe ni askari?"

"Askari, mimi? Tema mate chini!" Bwana yule akaukumbatia mfuko wake. Ulinukia sabuni ya kufulia, kama ule wa Nunziata. "Na wewe, mbona unawatetea sana?"

Basi likasogea, likasimama kwenye lango la gereza. Ilikuwa siku ya kuwapelekea wafungwa nguo safi.

"Tangulia kushuka, mama."

"Mimi? Nafika mbele. Shuka wewe."

"Hata mimi nafika mbele."

Wakakaa wanatazamana, kila mmoja na mfuko wake mapajani, mpaka dereva akafunga milango.