Leso ya Zeituni Yastaafu Wodi ya Nne

Mheshimiwa Diwani Wanyonyi, Matroni Dorca, Daktari Mathenge, wauguzi, na wagonjwa mlioruhusiwa kutoka vitandani, ndugu wageni waalikwa, na mama mkwe wangu, ambaye nimeambiwa ameketi upande wa kushoto, na kwa sababu hiyo nitauhutubia upande wa kulia peke yake: hamjambo.

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi ya leo, Jumamosi tarehe 14 Septemba 1996, Matroni Dorca amenithibitishia kwamba mapazia yote thelathini na mawili ya Wodi ya Nne yamekwisha kutundikwa, na kwamba leso ya Mama Zeituni Seif imestaafu rasmi. Nilimwuliza kama ni leso inayostaafu au mwenyewe. Akasema niandike leso. Mwenyewe hakuna anayethubutu kumwambia.

Wengi wenu mmeiona leso hiyo. Jinsi ilivyoanza kazi mnajua kwa uvumi tu, na kwa kuwa mimi nilikuwepo, tena nikiaibika, naomba nisahihishe.

Alhamisi moja ya Machi 1987 mama mkwe wangu aliletwa hapa kutoka Pap Onditi, utumbo umejisokota. Daktari Mathenge, wakati huo kijana mwenye nywele, alisema apasuliwe kabla ya saa nane mchana, la sivyo hataiona Ijumaa. Mgonjwa akakataa. Hakuwa tayari kuweka dole gumba kwenye karatasi ya mtu yeyote mpaka mwanamume wa familia aje amweleze mwenyewe. Mumewe alikuwa amefariki. Wanawe walikuwa Muhoroni wakikata miwa, mbali na simu. Mke wangu alikuwa Eldoret. Alibaki nani?

Nilibaki mimi. Na niwaulize, mnaojua heshima ya mkwe: mwanamume anamwendeaje mama mkwe wake aliyelala kitandani, amejifunika shuka la hospitali? Daktari alidhani naogopa damu.

"Bwana, wewe umeandika ajali zote za barabara ya Ahero, unashindwa na wodi ya akina mama?"

Nikamjibu kwamba hakuna ajali iliyowahi kunizalia mke.

Saa saba ilikuwa imepita. Basi nilifanya alichoweza kufanya mtu mwenye adabu: niliingia wodini kinyumenyume. Niligonga kigari cha chakula, nikaomba radhi kwa ukuta, nikahesabu vitanda kwa kisigino hadi cha tisa. Hapo nikasimama, mgongo kitandani, macho dirishani, nikazungumza kwa upole kuhusu kisu, wajukuu, na uwezo wa madaktari wetu. Nilipomaliza, sauti dhaifu nyuma yangu ikasema, "Haya, sawa, kama mmeamua."

Nikafuta jasho. Ndipo nikasikia mtu anacheka.

"Baba, huyu ni dada yangu Rehma. Ana malaria. Ukiendelea kuhubiri hivyo, watamtoa matumbo bure."

Nilikuwa nimehesabu kutoka mlangoni, kumbe namba zinaanzia dirishani. Aliyecheka alikuwa Zeituni, muuza mitumba wa Obunga, ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa amekuja na uji wa dada yake, na saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inaisha. Hakuniuliza jina, kabila wala dini. Aliniuliza swali moja: "Ni mkwe?" Nikasema ndiyo. Akanishika bega, akanivuta kinyumenyume hadi kitanda chenyewe, akavua leso mabegani, akaitandaza kwa mikono miwili kati yangu na mgonjwa.

"Haya, geuka. Ukichungulia, naiachilia."

Nikageuka. Nikaona maua mekundu na vidole kumi.

"Ni nani huko?" sauti ikauliza.

"Ni mimi, Mama. Baba Nekesa."

"Wewe si ni mtu wa gazeti? Basi muulize huyo daktari maswali, nisikie."

Ndugu wageni, nimehoji mawaziri. Sijawahi kufanya mahojiano magumu kama yale. Nilimwuliza Daktari, aliyekuwa amenifuata hadi kitandani, amepasua wangapi wenye ugonjwa huo. Akasema kumi na tisa. Nikamwuliza wangapi walikufa. Akasema kwa sauti ya chini: wawili.

Leso haipitishi uso, na sauti ya chini haikuipita pia.

"Amesema wangapi?" Mama akauliza.

Nikatazama saa. Nikiongopa, ataweka dole. Nikisema kweli, huenda asiweke, na saa ilikuwa saa saba na dakika thelathini na tano.

"Mwambie ukweli," Zeituni akasema, "mikono inaniuma."

"Wawili, Mama."

Maua yalikuwa yanatetemeka.

"Wawili tu?" Mama akasema. "Nilidhani anaficha kumi. Leteni wino."

Saa nane kasoro dakika tano alikuwa chumba cha upasuaji. Aliye upande wa kushoto, wengine wenu mnaweza kumwona, ndiye huyo.

Zeituni alishikilia leso dakika arobaini. Uji wa Rehma ulipoa, kengele ya kuwatoa wageni ikalia kabla hajampa hata kikombe. Wiki iliyofuata mkwe mwingine alikwama mlangoni, na sista mmoja akatuma mtu Obunga. Imekuwa hivyo miaka tisa. Mara ngapi sisi wakwe tumemshukuru? Nimeuliza, wengi tulidhani ni mfanyakazi wa hospitali.

Sasa habari ambayo yeye hakutaka niitangaze. Mama Zeituni ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kwa muda sasa amekuwa akitushikia leso bila kutuona vizuri, na ndiyo maana hajagundua jinsi tulivyozeeka. Analazwa Jumatatu, Wodi ya Nne hii hii.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu, hasa ninyi wa upande wa kulia, mliobeba mzigo wote. Mama mkwe wangu ameniagiza, kupitia kwa mke wangu, nitoe tangazo moja: Jumanne tarehe 17, saa sita u nusu, kengele ya kuwaingiza wageni ikilia, ataingia Wodi ya Nne, kitanda cha tisa kutoka dirishani, na uji wa moto. Mimi nitabeba chupa hadi mlangoni.