Mzee Muhuri na Kigae Kimoja Kilichobaki

Waombolezaji wote mlioacha shughuli zenu, mlioketi na mliosimama kwa sababu viti havikutosha, kwa ruhusa ya Mama na ya watoto, mimi mkwe wa marehemu nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya mzee wetu, na nimeonywa nyumbani nisitie chumvi, kwa kuwa marehemu alikuwa mtu wa kumbukumbu sahihi, na wengine wetu bado tunahofia atatusahihisha.

Marehemu, ambaye nusu ya mji huu ilimwita Mzee Muhuri na nusu nyingine haikujua kama ana jina jingine, alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Agosti 1947, mtoto wa pekee wa mfagiaji wa maktaba ya umma na mkewe aliyekuwa akifua nguo za watu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya maktaba, baina ya tangi la maji na ukuta wa posta, na naomba muikumbuke nyumba hiyo, maana baadaye halmashauri itasema haikuwahi kuwepo. Baba yake hakujua kusoma, lakini kwa miaka thelathini na mitano alifuta vumbi kitabu kimoja kimoja na kukirudisha mahali pake kwa kukumbuka rangi ya jalada na unene wake, na wakutubi wa wakati ule waliapa kwamba alikosea mara mbili tu, na mojawapo kitabu kilikuwa kimebadilishwa jalada bila yeye kuarifiwa. Mwaka 1958, paa lilipovuja kwa mara ya kwanza, mfagiaji huyo alivifunika vitabu kwa blanketi zote za nyumbani kwake, na marehemu alikuwa akisema kwamba heshima ya vitabu yeye alifundishwa na baridi.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya barabara kuanzia Januari 1955 hadi Novemba 1962, umbali wa hatua mia na arobaini kutoka mlangoni kwao, na bado daftari la mahudhurio linaonyesha kuwa alichelewa mara kumi na nane, kisha akaendelea na masomo ya sekondari hadi Novemba 1966, na mwaka 1967 akapata mafunzo ya kujalidi vitabu. Wakati wa likizo alijaribu kumfundisha baba yake kuandika jina lake, herufi tisa tu, mzee akaishika penseli kama anayeshika ufagio, akaitazama, akaiweka chini, akasema, "Mwanangu, vitabu vinanijua, inatosha." Uzito wa jambo hilo kwa marehemu sisi tumeujua juzi tu.

Tarehe 1 Februari 1968 aliajiriwa na maktaba ileile kuwa mjalidi msaidizi, baadaye mjalidi, baadaye msimamizi wa dawati la kuazimia, na hapo ndipo alipokabidhiwa muhuri uliompa jina, akaupenda kupita kiasi, akagonga tarehe kwenye vitabu, kwenye madaftari ya wanawe, na mara moja kwenye orodha ya Mama ya kwenda sokoni. Mimi mwenyewe nilipoleta barua ya posa mwezi Machi 2003, aliisoma mbele yangu, akarekebisha nukta mkato mbili, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaniambia, "Kijana, subiri majibu kwa utaratibu wa kawaida," nami nikasubiri siku ishirini na moja, na kwa kuwa wakati ule nilishakuwa karani wa halmashauri, familia iliona nimeonja dawa ya ofisi yetu wenyewe. Alistaafu tarehe 9 Agosti 2007, na asubuhi iliyofuata alikuwa maktaba saa mbili kamili, kama msomaji.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1973 na Mama yetu huyu, ambaye wakati huo alikuwa fundi cherehani, aliyeazima kitabu cha kukata mitindo ya magauni akakaa nacho miezi saba, marehemu akaenda kukidai nyumbani kwao mara nne, kila mara akiambiwa, "Bado nakitumia, kaka," hadi mama yake Mama akauliza kwa sauti ya kusikika hadi uani, "Huyu anafuata kitabu, au kitabu ndicho kinachomfuata huyu?" Waliishi pamoja miaka hamsini na miezi mitano, wakajaliwa watoto watatu, ambao ni kaka yetu mkubwa aliye fundi bomba, mke wangu aliye mwalimu, na kitinda mimba aliye fundi umeme, na wajukuu saba, na kitabu kile, kwa taarifa ya wanaoulizia, kilirudishwa maktaba wiki moja kabla ya harusi, kwa sababu bwana harusi alikataa kuoa mtu mwenye kumbukumbu mbaya.

Sasa nifike kwenye jambo lililowaleta wengi wenu hapa. Tarehe 19 Aprili 2016, saa tano asubuhi, paa la chumba kikuu cha kusomea, lililowekwa mwaka 1931, lilianguka juu ya meza ya magazeti, bila kumuumiza mtu, kwa kuwa magazeti ya siku hiyo yalikuwa hayajafika, na baada ya wiki sita halmashauri, yaani ofisi yetu, iliandika kwamba haina fedha ya kulijenga, na kwamba jengo litageuzwa kuwa maegesho ya magari ya idara, isipokuwa wananchi wenyewe walitengeneze. Nadhani aliyeandika maneno ya mwisho alikuwa anajaza ukurasa tu, hakutarajia kuchukuliwa kwa dhati, lakini marehemu alipiga chapa barua ile, akaibandika kwenye mlango wa maktaba, na jioni hiyo ikaundwa kamati ya watu tisa, mwenyekiti akiwa mkunga wetu mstaafu, ambaye kwa wengi wenu ndiye mtu wa kwanza mliyemwona duniani, na katibu akiwa yeye.

Tajiri wa mbao alijitokeza mapema, akataka kununua vigae mia mbili kwa mpigo na kila kimoja kiandikwe jina la duka lake, na marehemu, akiwa amemshukuru mara tatu, akaenda kutunga Kanuni ya Tatu, kwamba kila mtu atalipia kigae kimoja tu, ambacho bei yake itabeba na msumari wake, ubao wake na sehemu yake ya ukuta, na kwamba jina litaandikwa upande wa chini wa kigae, litakapoonekana na anayesoma akiinua macho, na litaandikwa na mlipaji mwenyewe, akiwa hai, kwa mkono wake. Watu wakasema kanuni hiyo itawafukuza wasiojua kuandika, yeye akatoa meza uani, akaweka chaki na mbao za kujifunzia, akasema anayelipia kigae atafundishwa jina lake bure, na kwa miaka saba iliyofuata watu mia mbili na kumi na saba waliondoka kwenye meza ile wakiwa wanajua kuandika majina yao, akiwemo muuza nyama wetu, aliyejifunza akiwa na miaka hamsini na minane, na ambaye hadi leo huwezi kununua kwake nusu kilo bila kuondoka na sahihi yake kwenye karatasi ya kufungia.

Haikuwa kazi ya kuteleza kama sabuni. Fundi wa vigae alipopanda kuezeka, aliweka vigae mia tatu na arobaini vya kwanza majina yakiwa juu, yakitazama mawingu, na alipoulizwa akajibu, "Mzee, mimi nilijua wanamwandikia Mungu," na kwa kuwa kuvitoa kungevivunja, viliachwa hivyo hivyo, na mkurugenzi wetu wa halmashauri, ambaye kigae chake kimo humo, alipolalamika kwamba haonekani, marehemu alimwandikia hati yenye muhuri inayothibitisha kwamba mheshimiwa yuko juu na anasomwa na aliye juu zaidi. Ilipofika zamu ya kujenga chumba cha watoto upande wa nyuma, ikabidi kuvunja ile nyumba ya mfagiaji, na idara ya majengo ikakataa kutoa kibali cha kuvunja nyumba isiyokuwepo kwenye ramani, ikakataa vilevile kuruhusu ujenzi mahali palipo na nyumba, basi marehemu akaja ofisini kwetu na cheti chake cha kuzaliwa, kinachoitaja nyumba hiyo, akamwambia afisa, "Mwanangu, kama nyumba haipo, basi mimi sijazaliwa, na kama sijazaliwa, unaongea na nani?" Kibali kilitoka Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, na chumba cha watoto kimesimama pale alipozaliwa, taa zake zikiwa zimefungwa na mwanawe wa mwisho.

Kufikia mwezi Agosti 2023 vilikuwa vimeezekwa vigae elfu sita mia nne na kumi na moja. Mchoro unadai elfu sita mia nne na kumi na mbili. Mkaguzi wa majengo alihesabu, akahesabu tena, akaandika kwamba paa lenye upungufu wa kigae kimoja haliwezi kupewa cheti cha ukamilifu, na bila cheti maktaba haifunguliwi, na kila tulipomuuliza katibu kigae hicho kiko wapi, alijibu, "Kipo njiani," huku tundu lile, lililo juu kabisa ya dawati lake la zamani, likiwa limezibwa kwa kipande cha bati. Kulikuwa na watu kwenye foleni wakitaka kukilipia, nami nilikuwa mmoja wao, akatukatalia wote, tukadhani uzee umemwingia, na wengine walisema maneno ambayo leo wanayajutia, tusamehane.

Marehemu alianza kusumbuliwa na moyo mwezi Novemba 2022, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho, tarehe 20 Mei mwaka huu wa 2024, daktari alimwambia ukweli bila kuuzungusha, naye akamshukuru kwa ufupi wa taarifa. Alichotaka kilikuwa kimoja, kuona milango ikifunguliwa, na alijua kwamba kinachoifunga kimo mkononi mwake, lakini hakutuambia. Alifariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sabini na sita na miezi tisa.

Jumatano Mama alipokuwa akitafuta suti ya kumvika, alikuta chini ya kitanda kigae kipya, kimefungwa kwa kitambaa cha gauni, hakijaandikwa kitu, na juu yake jalada la faili lenye barua mbili. Ya kwanza ni ya tarehe 11 Septemba 2023, imeandikwa na marehemu kwa Katibu wa Kamati, akiomba kwa unyenyekevu aruhusiwe kigae chake kimoja kibebe jina la marehemu baba yake, mfagiaji, aliyeilinda maktaba kwa blanketi zake na ambaye hakuwahi kujifunza kuandika. Ya pili ni ya tarehe 13 Septemba, imeandikwa na Katibu wa Kamati kwa marehemu, mwandiko ni uleule, nayo inasema kwamba ombi limepokelewa na kufikiriwa kwa huruma, ila kwa mujibu wa Kanuni ya Tatu mwandikaji lazima awe hai na aandike kwa mkono wake, hivyo limekataliwa. Ina muhuri. Alijikatalia mwenyewe, akajitumia nakala, akaiheshimu, na kwa miezi minane hakuweza kuandika jina la baba yake wala hakuweza kuandika lake mahali pa baba yake.

Juzi Alhamisi kamati ilikutana sebuleni kwetu, tumbaku na machozi vikiwa vimejaa chumba, tukaanza kulumbana kama kanuni ibadilishwe au la, hadi mkunga wetu, aliyekuwa akifuta miwani yake, akaomba aone ile barua ya pili, akaigeuza, akauliza, "Kikao kilikaa lini?" Hakikukaa. "Akidi ilikuwa watu wangapi?" Mmoja. Akasema, "Basi huyu ndugu yangu, aliyetusumbua miaka minane kwa utaratibu, kafanya kosa la utaratibu. Katibu peke yake hana mamlaka ya kumkatalia mtu. Barua hii ni batili, na ombi bado liko mezani," na Mama akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akasema, "Hilo lingemuua upya." Ombi lilikubaliwa kwa dakika nne, bila mpinzani, na leo asubuhi wajukuu saba wamekiandika kigae hicho, kila mmoja herufi zake, maneno MFAGIAJI NA MWANAWE.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili, waliovumilia mgonjwa aliyekuwa akisahihisha fomu zao, majirani waliopika, walioteka maji na waliolala nasi, wafanyakazi wenzake wa zamani wa maktaba, wajumbe wa kamati, fundi wa vigae, na kila mmoja wenu aliye na jina lake kwenye paa lile, liwe linasomwa kutoka chini au kutoka juu. Tunamshukuru pia mkaguzi wa majengo, ambaye ameketi hapo mstari wa nne, na ambaye amekubali kuja na fomu yake. Tukitoka makaburini hatutawanyiki, tutapita maktaba saa kumi, ngazi imeshaegemezwa, kaka yetu mkubwa atatoa lile bati na fundi atakipachika kigae, jina likiwa upande wa chini, nimemuuliza mara mbili, kisha mkaguzi atahesabu, atagonga muhuri, na Mama atafungua mlango.

Pumzika kwa amani, Mzee, wewe na baba yako, blanketi mnaweza kuzichukua, mvua haiingii tena.