Kesi Iliyofanana na ya Anselim

Pale Lumemo, ubavuni mwa fundi baiskeli, lipo benchi lenye mahakimu wengi kuliko wilaya nzima, na hakuna hata mmoja aliyesoma sheria. Asubuhi ile Wendelin ndiye aliyewahi, kama kawaida yake tangu afiwe na mkewe, maana kwake hakuna tena wa kumwambia uji uko tayari. Keshokutwa kesi yake inasikilizwa kwenye baraza la ardhi. Mtu wa mjini analidai shamba la mpunga ambalo Wendelin amelilima miaka ishirini na minne. Anasema alimwazima tu. Akinyang'anywa hilo, hana pengine pa kushika jembe.

Leodegar, aitwaye Jaji kwa kuwa aliwahi kuwa mzee wa baraza miezi miwili, alitoa mfukoni fotokopi ya hukumu ya Anselim wa Kiberege. Anselim naye aliambiwa kaazimwa, lakini Mahakama Kuu ikampa haki, kwa kuwa alilima waziwazi zaidi ya miaka kumi na miwili bila kuomba ruhusa ya mtu.

— Mahakama Kuu ikishasema, huku chini wanafuata, alisema Jaji. Paroko atampinga askofu?

— Atampinga, halafu atahamishwa, alijibu Masanja, waliyemwita Rufani kwani hajawahi kukubali kufungwa drafti.

— Ndiyo maana wahenga wakasema, mwenda pole hajikwai, alisema Jaji.

Rufani akamwambia hiyo akawape bodaboda. Yeye alijua siri nyingine: hukumu ya zamani haifuatwi hivihivi, mpaka kesi zifanane. Jaji akakubali, tena akaongeza chumvi. Kufanana ni kufanana, akasema. Anselim alivaa shati la kijani, basi Wendelin akaliazime.

— Na alipoulizwa umri alikohoa, alisema Rufani. Hebu kohoa, Wende, tukusikie.

Wendelin akakohoa. Wakamwambia arudie, hicho kilikuwa kikohozi cha mtu mwenye hatia. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika mkononi. Tangu alipoondoka hapo jana alikuwa hajaongea na mtu, na alitamani ubishi ule usiishe.

Akafika mama mmoja mgeni, akisukuma baiskeli yenye pancha. Akawaamkia shikamooni, akapewa kahawa, na alipoona karatasi inapita mkono kwa mkono akaelezwa kesi ya Wendelin, akaomba naye aisome. Akaisoma yote. Wao walikuwa wamesoma ukurasa wa kwanza, wenye majina, na wa mwisho, wenye ushindi.

— Baba, huyu Anselim shahidi wake ni mkewe, alimwambia Wendelin. Anasema kila msimu walikuwa wote dunguni wakiamia ndege, na hakuna aliyewahi kuja kudai shamba. Wewe shahidi wako nani?

Rufani akawa anamtazama fundi anavyobandua tairi.

Majirani wa shamba la Wendelin mafuriko yaliwahamisha zamani, na hakuna ajuaye walikoelekea. Miaka yote ile walibaki wawili tu kwenye dungu lao, kichanja cha kufukuzia ndege, Wendelin na Theodosia wake, mmoja akipiga debe, mwingine akirusha mabonge ya udongo. Theodosia walimzika Kwaresima iliyopita. Jaji na Rufani walikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Upweke wa nyumbani Wendelin alikuwa ameanza kuuzoea. Huu wa sasa hakuwa ameufikiria: kwamba maisha yake yote katika bonde lile, mtu pekee aliyeyaona hayupo tena.

— Alikuwepo mmoja, alisema.

Yule mama akasubiri atajiwe jina. Hakuna aliyelitaja.