Muziki wa Sehemu ya Pili

Juu ya lori la kwenda Bugarama, Scolastika, mwenye banda la video, alipakata kama mtoto mwenye homa kaseti ya muziki wa kufokafoka wa filamu ya majambazi, sehemu ya pili.

"Na mkanda wenyewe wa filamu, mama?" akauliza mchimbaji aliyekalia gunia lake.

"Haujafika Shinyanga. Nitaonyesha sehemu ya kwanza, nizime sauti yake, nipige muziki huu."

"Lakini steringi alishakufa kwenye ya kwanza!"

"Safari hii atakufa na ngoma nzito zaidi. Wachimbaji mmenihama wote, mmejaa banda la jirani. Nile mawe?"

"Huo utapeli, mama! Tutakuzomea mpaka turubai la banda likudondokee."

Lori likasimama Bugarama. Mchimbaji akashuka, akajitwika gunia, akageuka.

"Niwekee benchi la mbele," akafoka, "nizomee vizuri."